Mshika Saa

Nilizaliwa katika milima ya Upare ya Kusini, upande wa Chome, mahali ambapo mtu akiinua macho huuona mlima Shengena, na akiyateremsha huuona ukungu. Shengena ni mrefu kuliko milima yote ya Upare. Kilele chake kina mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Same, ulio chini kwenye tambarare kavu inakopita reli ya Tanga na Moshi, haufiki mita 900. Maisha ya watu wetu yamekuwa kupanda na kuteremka kati ya sehemu hizo mbili. Mama zetu waliteremka alfajiri na mikungu ya ndizi kichwani, wakauza, wakanunua chumvi na mafuta ya taa, kisha wakapanda tena kabla ya giza. Aliyefika nyumbani hakuulizwa ametumia saa ngapi njiani. Aliulizwa chumvi imefika bei gani.

Naanza na jambo hilo kwa sababu nataka kuzungumza juu ya rekodi za michezo, na kwetu rekodi lilikuwa neno geni. Miguu yenye nguvu ilikuwapo tele. Lililokosekana ni saa, na mtu wa kuitazama.

Neno lenyewe lilitufikia mwezi Februari mwaka 1974. Nilikuwa darasa la saba. Baba yangu mkubwa, ambaye alikuwa na kahawa nyingi kidogo kuliko majirani, ndiye aliyekuwa na redio, na kila jioni baraza lake lilijaa watu waliokuja kusikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania. Jioni moja tulisikia kwamba tarehe 2 ya mwezi huo, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, askari wa Jeshi la Wananchi aliyeitwa Filbert Bayi alikuwa amekimbia mita 1500 kwa muda ambao hakuna binadamu aliyepata kuufikia tangu muda uanze kupimwa. Alikuwa kijana wa miaka 20, mzaliwa wa Karatu. Muda wake ulikuwa dakika 3 na sekunde 32.16, ambao kwa desturi ya wakati ule uliandikwa 32.2. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Jim Ryun wa Marekani, dakika 3 na sekunde 33.1, na ilikuwa imesimama tangu mwaka 1967.

Baadaye nilipokua nilisoma zaidi habari za mbio zile, na kila nilipozisoma nilizidi kustaajabu. Desturi ya wakimbiaji wa masafa ya kati ilikuwa kujificha nyuma ya wenzao, kuupumzisha mwili katika kivuli cha mwingine, kisha kuchomoka katika mzunguko wa mwisho. Bayi hakujificha. Alishika uongozi tangu mwanzo, akawaacha wengine mbali, akawaambia kwa vitendo kwamba anayeitaka medali amfuate. John Walker wa New Zealand alimfuata, naye akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.5, maana yake hata mshindi wa pili aliivunja rekodi ya dunia siku ile na bado akashindwa. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Rekodi ya Bayi ilidumu hadi Agosti 1979, alipoivunja Sebastian Coe wa Uingereza kule Zürich. Lakini kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola peke yake iliendelea kusimama miaka 48, mpaka mwaka 2022 mjini Birmingham, wakati watoto wa wale waliokuwapo Christchurch walikuwa wamekwisha pata wajukuu.

Hayo hatukuyajua wakati ule barazani. Tulichosikia ni tarakimu, na tarakimu ile ilitutia wazimu. Kesho yake shule nzima ilikimbia. Tulikimbia kwenda mtoni, tulikimbia kwenda kuokota kuni, tulikimbia hata pasipo na sababu. Na mwalimu wetu wa michezo, ambaye alikuwa mgeni kutoka bara na mtu mwenye bidii, akaamua kwamba shule yetu nayo itakuwa na rekodi zake. Ili kuwa na rekodi vitu vitatu vilihitajika: uwanja uliopimwa, saa, na daftari.

Uwanja ulikuwapo, ingawa aliyeuzoea uwanja wa tambarare angeuita shamba lililolala upande. Ulikatwa kwenye ubavu wa kilima. Upande mmoja ulipanda na upande wa pili ukateremka. Mwalimu alitaka mzunguko wa mita 250, ili mizunguko sita iwe mita 1500 kamili. Kipimo chetu kilikuwa kamba ya katani, iliyotoka kwenye mashamba ya mkonge ya tambarare. Mwalimu aliipima kamba hiyo darasani kwa rula ya ubaoni, akafunga fundo kila baada ya mita tano, mpaka ikafika mita 50. Siku ya kuupima uwanja ilikuwa katikati ya masika. Kulikuwa na manyunyu tangu usiku. Tuliiburuta kamba ile kwenye majani yaliyolowa, mara tano, tukachimbia mawe manne makubwa kwenye pembe na kuyapaka chokaa. Namwomba msomaji aikumbuke kamba hiyo iliyolowa.

Saa ilikuwa ya mkono, ya mwalimu mwenyewe, yenye mshale mwembamba wa sekunde. Na daftari alipewa mtu wa kulitunza. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na kifua kibovu kilichonizuia kukimbia, nikawa ninajua hesabu vizuri. Basi mwalimu akanifunga saa yake mkononi, akanifanya mshika saa wa shule. Sijapata cheo kilichonifurahisha kama kile, na nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na minne.

Sina budi kusema neno juu ya babu yangu, maana bila yeye kosa nililolifanya lisingenielemea kiasi kile. Babu alikuwa mgawa maji. Upareni tuna ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe ambayo wazee walijenga katika mabavu ya milima tangu zamani sana. Maji ya mfereji hukusanywa katika ndiva usiku, na asubuhi hufunguliwa yakaenda mashambani kwa zamu. Mahali penye maji haba, anayegawa zamu anashika uhai wa watu. Babu alikuwa na fimbo yenye alama aliyoichovya ndani ya ndiva kila asubuhi, na kwa alama zile alijua kila shamba lipate kiasi gani. Kila aliyesubiri zamu alikuwa na haki ya kuja kuitazama fimbo kabla maji hayajafunguliwa. Babu hakufungua maji peke yake hata siku moja. Kama hakukuwa na mtu aliyeamka, alimwamsha mtoto.

Alikuwa pia miongoni mwa wale walioteremka kwenda Same mwaka 1945. Vijana wa leo huisoma habari hiyo katika historia: maelfu ya Wapare walitoka milimani wakapiga kambi makao makuu ya wilaya kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, ambayo serikali ya kikoloni iliiongeza juu ya kodi ya kawaida kwa kukadiria mali ya kila mtu. Nilipomwuliza babu kwa nini walikataa, alinijibu hivi: "Hatukukataa kulipa. Tulikataa kupimwa na mtu asiyetuonyesha kipimo chake." Nilikuwa na miaka kama kumi aliponiambia hayo. Niliyakariri bila kuyaelewa.

Mwezi Julai ikaja barua kwamba kutakuwa na mashindano ya shule mjini Same, na kila shule ipeleke mkimbiaji mmoja kwa kila mbio. Wakati huo Mwanga haikuwa bado wilaya. Upare wote ulikuwa wilaya moja, na Same ndiyo makao yake, kwa hiyo kuchaguliwa kulikuwa heshima kubwa. Katika mita 1500 tulikuwa na vijana wawili waliopita wengine. Mmoja alikuwa mtoto wa baba yangu mkubwa, yule mwenye redio. Wa pili alikuwa mtoto wa mama mjane aliyeishi ng'ambo ya mfereji. Majina yao sitayataja. Mmoja ni marehemu na mwingine hapendi kusemwa.

Uwanja wetu ulikuwa mwembamba, hivyo mwalimu aliwagawa wakimbiaji katika makundi mawili, akasema atakayepata muda mzuri zaidi ndiye atakayekwenda. Kundi la kwanza lilikuwa na mtoto wa mjane. Alikimbia pekupeku, kimya, mdomo umefumba, akaongoza mizunguko yote sita kama alivyoongoza Bayi. Nikatazama mshale. Dakika 4 na sekunde 24. Niliandika.

Kundi la pili lilikuwa na ndugu yangu. Naye alikimbia vizuri, lakini katika mzunguko wa tano, kwenye ule upande wa kupanda, nilimwona mabega yakipanda kuelekea masikioni, na kila mtazamaji wa mbio anajua maana yake. Alipovuka mstari mshale ulionyesha dakika 4 na sekunde 29. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa uwanja akiwahimiza walioachwa nyuma. Saa ilikuwa moja, na ilikuwa mkononi mwangu. Ndugu yangu aliinama mbele yangu akihema, mikono magotini, akaniuliza kwa macho. Nilikula chakula cha jioni kwao mara nyingi kuliko nilivyokula kwetu. Nilikaa katika baraza lao nikasikia habari za Bayi. Nilishika kalamu, na mahali palipotakiwa kuandikwa 2 nikaandika 1. Dakika 4 na sekunde 19.

Mwalimu alipolitazama daftari alipiga kelele ya furaha, akanipigapiga begani. Shule ilishangilia. Mtoto wa mjane alisimama kidogo akilitazama jiwe la chokaa, kisha akachukua shati lake kwenye majani akaenda nyumbani. Hakuuliza kitu. Angeuliza nini? Mimi ndiye niliyekuwa na saa.

Ndugu yangu alikwenda Same. Baba yake alimnunulia raba mpya za turubai, na watu kama kumi tulimsindikiza. Same mwezi Julai si mahali pa baridi hata kidogo kwa mtu aliyetoka Chome. Vumbi, upepo, na jua linalopiga kutoka juu na kutoka ardhini. Mshindi alipata dakika 4 na sekunde 25. Wa tatu, ambaye ndiye wa mwisho kuchaguliwa kwenda Moshi, alipata 4 na 38. Ndugu yangu alikuwa wa sita, kwa dakika 4 na sekunde 41. Mtangazaji aliyekuwa na kipaza sauti alisoma muda tuliouleta kwenye barua ya shule, kisha akasoma muda uliopatikana, na watu wakacheka. Mmoja akasema kwamba kumbe milimani hata saa zinapanda polepole.

Tulirudi bila kuzungumza. Tangu siku ile ndugu yangu hakukimbia tena. Alisema miguu yake ilimsaliti. Alizivua zile raba njiani, akaziweka begani, na nadhani baadaye zilivaliwa na mdogo wake. Alimaliza shule, akaenda Tanga kutafuta kazi, akaoa huko, akafariki mwaka 2011 akiamini kwamba alipokuwa kijana alikuwa na sekunde 22 ambazo zilipotea kati ya Chome na Same, na kwamba alizipoteza kwa woga.

Nami nikawa mwalimu, na kwa sababu ya kifua changu na ya daftari lile, nikawa mwalimu anayeshika saa kila mashindano. Nilijifunza kanuni. Nazieleza hapa kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba rekodi ni kazi ya miguu peke yake. Mahali ambapo mbio zinapimwa kwa saa za mkono, washika saa rasmi huwa watatu, wala hawaruhusiwi kuonyeshana saa kabla ya kutoa taarifa. Saa mbili zikikubaliana, muda huo ndio wa haki hata kama ya tatu inasema vingine. Zote tatu zikitofautiana, huchukuliwa ile ya katikati. Uwanja nao haupimwi ukingoni. Hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo wa ndani, kwa kuwa hapo ndipo mguu wa mkimbiaji hupita kwa kweli. Nilipozisoma kanuni hizo mara ya kwanza chuoni, nilimkumbuka babu na fimbo yake, na yule mtoto aliyeamshwa alfajiri aje kuitazama.

Nilijifunza pia kwamba mshika saa haachi kazi mshindi anapopita. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, John Stephen Akhwari wetu alianguka na kuumia goti katika marathoni. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Watazamaji wengi walikwisha ondoka, na giza limeingia, wakati Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Dunia inaikumbuka picha yake. Mimi huwa nawafikiria zaidi wale watu waliokaa na saa zao saa moja na dakika tano zaidi, maana muda wake umeandikwa: saa 3, dakika 25 na sekunde 27, mtu wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Wangeweza kufunga daftari. Hawakulifunga.

Kadiri miaka ilivyokwenda, habari za wakimbiaji wetu zilizidi kunichoma, kwa sababu nyingi zilikuwa habari za tofauti ndogo. Mwaka 1980 Moscow, Suleiman Nyambui alipata medali ya fedha katika mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa muda usiofika sekunde moja. Katika michezo hiyo hiyo Bayi alipata fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Na hizo mbili mpaka leo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata. Miaka minne kabla yake, Montreal, pengine Bayi angepata dhahabu katika mita 1500 dhidi ya Walker, lakini nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizokataa kushiriki, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mbio hizo hazikukimbiwa kamwe, na hakuna saa inayoweza kuzipima. Mwaka 1988 Juma Ikangaa alikimbia marathoni ya Boston, kilomita 42 na zaidi, akashindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Akarudi mwaka uliofuata akawa wa pili, akarudi tena mwaka 1990 akawa wa pili. Katikati ya hayo, Novemba 1989, alikwenda New York akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na hakuna aliyekimbia upesi kuliko hapo katika njia ile mpaka mwaka 2001.

Sekunde moja! Nami nilikuwa nimegawa kumi, bure, kwa kalamu.

Na zamani hizo Bayi alipovunja rekodi hakukuwa na fedha ya maana katika riadha. Mkimbiaji alipata medali, akarudi kazini kwake. Siku hizi kukimbia ni kazi ya kulipwa. Kuna zawadi ya kushinda, kuna ya nafasi ya pili, kuna nyongeza ya rekodi, na vijana wetu wanasomesha wadogo zao kwa miguu yao. Kwa hiyo tarakimu ya uongo siku hizi ni sawa na kuiba mshahara wa mtu. Nimepata kusikia walimu wenzangu wakisema kwamba sekunde mbili tatu katika mashindano ya watoto si kitu. Sikubishana nao kwa sauti, maana ningeulizwa ninajuaje.

Hali hiyo iliendelea hadi tarehe 15 Septemba 2025. Siku hiyo mjini Tokyo, katika mashindano ya dunia ya riadha, Alphonce Simbu wa Singida na Amanal Petros wa Ujerumani waliingia uwanjani baada ya zaidi ya saa mbili za kukimbia, Petros akiwa mbele. Katika hatua za mwisho kabisa Simbu alimfikia, na wote wawili wakajitupa kwenye mstari. Wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Hakuna jicho lililoweza kuamua. Kamera ya mstari wa mwisho ndiyo iliyosema kwamba Simbu alitangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nilishangilia kama Mtanzania yeyote. Kisha usiku nikakosa usingizi. Nilikuwa na miaka 65, mstaafu, na nikaona kwamba kama nitakufa bila kusema, hakutakuwa na kamera ya kunisemea.

Nilipanda Chome wiki iliyofuata. Kabla ya kwenda kwa yule niliyemkusudia nilipita shuleni, nikiwa na futi ya chuma ya mita 50 niliyoiazima kwa fundi mmoja wa ujenzi mjini Same. Uwanja ulikuwa umepandwa miti upande mmoja, lakini mawe manne ya pembe yalikuwapo, chokaa imekwisha toka, nyasi zimeyafunika. Nilipima kwa uangalifu, nikisaidiwa na watoto wawili wa shule. Nilipima mara tatu, kwa ile tabia ya saa tatu. Mzunguko wetu wa mita 250 ulikuwa na mita 238.

Nilikaa juu ya jiwe nikafikiri. Ndipo nikaikumbuka kamba. Katani ikilowa hunywea. Mwalimu wetu aliifunga mafundo ikiwa kavu, akaitumia ikiwa imelowa manyunyu ya masika, na kila mita 50 za mafundo yake zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya mita mbili. Hakuwa na hila yoyote, Mungu amrehemu. Lakini mizunguko yetu sita ilikuwa mita 1428, si 1500. Rekodi zote za daftari lile zilikuwa za uongo, yangu na zisizo zangu, tofauti ikiwa kwamba moja ilidanganywa na mtu na nyingine na mvua.

Nikatoa karatasi nikafanya hesabu papo hapo. Ndugu yangu, kwa muda wake halisi wa 4 na 29 katika mita 1428, mwendo ule ule ungempa dakika 4 na karibu sekunde 43 katika mita 1500. Na Same alipata 4 na 41. Niliirudia hesabu hiyo. Same, kwenye joto na vumbi, mbele ya watu wasiomjua, alikimbia vizuri kuliko alivyokimbia nyumbani. Miguu yake haikumsaliti hata kidogo. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Yule mtoto wa mjane nilimkuta kwenye ndiva. Yeye sasa ndiye mgawa maji, na ana fimbo yake, ingawa si ya babu. Kulikuwa kumekucha vizuri. Nilimsalimu, tukaulizana habari za watoto na za tangawizi, kisha nikamweleza. Nilieleza yote, ya tarakimu 1 na 2, ya baraza, ya kamba. Alinisikiliza akitazama maji. Nilipomaliza alisema, "Ngoja kwanza nifungue, watu wanasubiri." Akachovya fimbo, akawaita wawili waliokuwa karibu waitazame, akafungua, akasimama mpaka maji yaliposhika njia. Huenda ilikuwa robo saa. Sijapata kusubiri muda mrefu kama huo nikiwa na saa mkononi.

Akarudi. "Mwalimu," akasema, "yule wa tatu wa Same alipata ngapi?"

"Nne na 38."

"Na mimi, kwa uwanja wa kweli?"

Nilimwonyesha karatasi. Sekunde 264 kwa mita 1428, mwendo ule ule hadi 1500: sekunde 277 na kidogo. Dakika 4 na sekunde 37. Niliharakisha kumweleza kwamba hesabu haijui uchovu, kwamba mita 72 za mwisho zingeweza kuwa nzito kuliko zote, kwamba joto la Same lingeweza kumla kama lilivyowala wengine. Alinikatiza kwa mkono.

"Andika," akasema. "Dakika 4 na sekunde 37. Andika kwamba nilikuwa pekupeku, na kwamba uwanja ulikuwa na kilima. Na yule ndugu yako mwandike: 4 na 41, Same, mchana."

Nikaandika, kila jina na muda wake na mahali. Akaichukua karatasi, akaiweka mbali na macho kama tufanyavyo wazee, akashindwa kuzisoma tarakimu zangu. Basi akamwita kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu ya maji, akampa aisome kwa sauti. Kijana akasoma majina yote mawili na muda wake, akatutazama, akauliza hawa ni akina nani.